Adabu za ulingo wa mbwa mjini Birmingham

KATIKA mitaa yetu mingi, jambo la kwanza unalosoma ukifika langoni mwa mwenye nacho si jina lake bali ni kibao: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamepiga kelele miaka nenda miaka rudi kwamba ni "mbwa mkali", lakini wachoraji wa vibao hawasikii, na ujumbe wenyewe huwa umekwisha kufika. Mbwa kwetu ni askari. Hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na sifa yake kubwa ni kutomkubali mgeni. Siku atakayomkubali, mwenye nyumba ataanza kufikiria kutafuta mwingine.

Sasa, msomaji, hebu fikiria kumbi kubwa zilizojaa maelfu ya mbwa, wengine wadogo kama paka na wengine wakubwa kama ndama. Karibu kila mmoja atafunuliwa meno, atapapaswa mbavu, atashikwa miguu na kuinuliwa mkia na mtu ambaye hajapata kumwona maishani mwake. Na hatakiwi kubweka wala kunguruma. Hivyo ndivyo yalivyo maonyesho ya Crufts, ambayo hufanyika kila mwaka mwezi Machi mjini Birmingham, Uingereza, kwa siku nne kuanzia Alhamisi hadi Jumapili.

Kufika huko si kazi ngumu. Ukiwa London, panda treni katika stesheni ya Euston, na baada ya saa moja na dakika kadhaa utateremka stesheni iitwayo Birmingham International, iliyo ubavuni mwa uwanja wa ndege. Huna haja ya teksi. Kuna njia iliyoezekwa inayokupeleka kwa miguu hadi kwenye kumbi za NEC. Wala huna haja ya kuuliza njia. Wewe fuata mbwa. Utawaona wakishuka kwenye magari na mabehewa, wengine wamevishwa makoti na hata viatu. Usicheke. Aliyemwosha mbwa mweupe usiku kucha hawezi kumwacha akanyage matope ya Machi dakika chache kabla ya kuingia ulingoni.

Mchezo huu una umri. Maonyesho ya kwanza rasmi ya mbwa yanayojulikana Uingereza yalifanyika Newcastle upon Tyne mwezi Juni mwaka 1859. Walioshindana walikuwa mbwa wa uwindaji wa aina mbili tu, Pointer na Setter, na zawadi ilikuwa bunduki. Jambo la kuchekesha ni kwamba aliyeshinda upande wa Setter alikuwa mbwa wa mmoja wa waamuzi wa Pointer, na aliyeshinda upande wa Pointer alikuwa mbwa wa mmoja wa waamuzi wa Setter! Huenda mbwa hao walistahili kweli. Lakini ukisikia hadithi hiyo unaelewa kwa nini mwaka 1873 watu waliona heri waanzishe chama cha kuandika kanuni na kuweka daftari la uzao, ndicho kilichoitwa Kennel Club.

Crufts yenyewe ilianza mwaka 1891 katika ukumbi wa Royal Agricultural Hall, mtaa wa Islington, London. Mwanzilishi wake, Charles Cruft, alikuwa mfanyabiashara aliyepata ujuzi wake katika kampuni ya kuuza biskuti za mbwa. Malkia Victoria alipeleka mbwa wake washindane, na baada ya hapo nani angethubutu kusema ni mchezo wa kipuuzi? Cruft alifariki mwaka 1938. Kennel Club iliyachukua maonyesho hayo na kuyaandaa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na mwaka 1991, yalipotimiza miaka mia moja, yakahamia Birmingham.

Ukishaingia, pitia kwanza kwenye vizimba. Kila mbwa ana nafasi yake yenye nambari, mfano wa kibanda kilicho wazi upande wa mbele, na humo ndimo anamokaa akisubiri zamu yake. Hapa unaweza kumtazama kwa karibu na kuzungumza na mwenyewe. Lakini ziko adabu zake. Usimguse mbwa kabla ya kuuliza. Usimpe chakula. Usipitishe kidole penye waya eti unamsalimu. Kama mwenye mbwa ana kitana mkononi na jasho usoni, basi muda wake umekaribia. Mpishe, umrudie baadaye, na utamkuta anaongea bila kukoma.

Ulingo ni nafasi ya mraba iliyotandikwa zulia la kijani na kuzungushiwa uzio mfupi. Ndani yake mna meza imara na watu wawili watatu. Mwamuzi ndiye mfalme wa hapo, na msimamizi wa ulingo ndiye waziri wake. Msimamizi ndiye anayeita madaraja: watoto, vijana, waliokwisha kushinda mara kadhaa, daraja la wazi, wazee. Ndiye pia anayehakikisha kila mshika kamba amevaa nambari yake. Mshindani akichelewa, hakuna wa kumlilia.

Mbwa wakishaingia hupangwa mstari. Mwamuzi hupita akiwatazama wote, kisha huwaamuru wakimbie pamoja kuzunguka ulingo, kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Mbwa huwa upande wa kushoto wa anayemshika, yaani upande wa ndani, ili mwamuzi aliye katikati amwone mbwa na si suruali ya mtu. Na hapo ndipo utakutana na sheria ambayo kila mshika kamba hufundishwa kabla ya nyingine zote: usisimame kamwe kati ya mwamuzi na mbwa wako. Mwamuzi akihama, nawe unahama. Mkigeuka kwenye kona, kamba inahamia mkono wa pili ikibidi. Mshika kamba hodari ni yule ambaye ukitoka hapo huikumbuki sura yake.

Ndiyo maana hata mavazi yana hesabu. Mwenye mbwa mweusi havai suruali nyeusi, maana miguu ya mbwa itapotelea humo. Viatu ni vya soli ya mpira, kwa sababu kuteleza mbele ya mwamuzi ni aibu na kishindo humshtua mbwa. Funguo na sarafu huachwa nje ya ulingo zisije zikalia mfukoni. Mfukoni huwa na kitu kingine: vipande vya ini lililopikwa. Kipande kimoja kikiinuliwa, mbwa husimamisha masikio na kutazama mbele kama askari wa gwaride. Kinachochukiza ni kudondosha ini zuliani, kwa sababu mbwa wa nyuma atasimama kulinusa na mwendo wake utakuwa umeharibika. Wako wanaodondosha kwa bahati mbaya. Wako pia, nasikitika kusema, wanaodondosha kwa makusudi.

Kisha huja ukaguzi wa mmoja mmoja. Mbwa wadogo huwekwa mezani, wakubwa husimama chini. Mtazame mwamuzi mzuri anavyomwendea mbwa. Hamnyemelei kwa nyuma wala hamjii na mkono juu ya kichwa. Huja kwa mbele, polepole, mahali mbwa anapomwona, humwachia nafasi ya kumnusa, ndipo humgusa. Mkono ukishamgusa, aghalabu hauachi mwili wa mbwa mpaka umalize: fuvu, masikio, shingo, mabega, kifua, mbavu, kiuno, mapaja. Dume hukaguliwa kama korodani zote mbili zimeteremka. Kuhusu meno, waamuzi wengi humwomba mshika kamba mwenyewe afunue midomo ya mbwa, ili mikono ya mtu mmoja isihamishe ugonjwa kutoka kinywa hadi kinywa.

Mazungumzo ni machache mno. "Ana umri gani?" "Miaka miwili na miezi mitatu." Basi. Mshika kamba haruhusiwi kumweleza mwamuzi kwamba mama wa mbwa huyu alishinda mwaka jana, wala kwamba mwenyewe ametoka mbali. Akiulizwa umri anataja umri. Kwa sisi tuliozoea kujieleza hadi kwa askari wa trafiki, hapo pagumu.

Baada ya kukaguliwa mbwa hukimbizwa kwa umbo la pembetatu, kisha moja kwa moja kwenda na kurudi, ili mwamuzi auone mwendo kwa nyuma, kwa ubavu na kwa mbele. Kamba hutakiwa ilegee. Kamba iliyokazwa juu huinua miguu ya mbele ya mbwa na kuficha kasoro zake, na zaidi ya hayo inamkaba koo. Waamuzi wenye macho humwambia mtu alegeze kamba na arudie tena.

Hila zingine hufanyiwa nje ya uzio. Iko desturi, iliyokita mizizi hasa miongoni mwa wapenzi wa German Shepherd, ya mtu wa nyumbani kuzunguka nje ya ulingo akipiga mluzi au kumwita mbwa ili achangamke na kuvuta mbele. Kanuni zinaikataza. Hali kadhalika ni marufuku kumwachia mbwa manyoyani dawa yoyote ya kubadilisha rangi au ugumu wa nywele, na sampuli za nywele huweza kuchukuliwa na kupimwa. Yaani hata mbwa wana kipimo chao cha dawa, kama wanariadha wetu.

Pamoja na kanuni zote hizo, mkono wa binadamu umewahi kuwaaibisha wenyeji mbele ya dunia nzima. Mwaka 2015 mshindi wa jumla alikuwa Scottish Terrier aliyeitwa Knopa, kutoka Urusi. Televisheni ilimwonyesha mshika kamba wake akimshusha mezani kwa kumshika mkia na shingo. Watu wa Terrier wana maelezo yao. Mbwa hawa walizalishwa wazame mashimoni kufukuza wanyama, na mwindaji aliwavuta nje kwa mkia, ndio maana mkia wao ni mfupi na mnene. Isitoshe, ukimbeba mbwa kwa mikono miwili unamvuruga nywele zilizochanwa kwa saa kadhaa. Lakini mtazamaji aliyeketi nyumbani hakuona desturi. Aliona mnyama akining'inia. Makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi barua za kulalamika, na wakuu wa maonyesho wakalazimika kumkanya mshika kamba huyo.

Mimi naona watazamaji walikuwa na haki. Njia ya kumbeba mbwa mdogo inajulikana: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mwili wake umeegemea wako. Nywele zitachanwa tena.

Wala haikuwa aibu ya kwanza. Mwaka 2008 filamu ya BBC ilifichua magonjwa yaliyoletwa na tamaa ya kuzalisha mbwa wa sura fulani, wenye pua zilizobonyea na ngozi za mikunjo, na shirika hilo likaacha kuyatangaza maonyesho haya. Mwaka 2012 ukaletwa utaratibu mpya: mshindi wa kila mojawapo ya aina 15 zilizotiliwa shaka sharti apimwe na daktari wa mifugo asiye na upande kabla ya kusonga mbele. Siku ya kwanza tu Bulldog na Pekingese walirudishwa. Kufikia mwisho wa maonyesho washindi 6 walikuwa wameanguka kwa daktari. Hebu fikiria uchungu wa mtu aliyekwisha kupigiwa makofi ulingoni, kisha anaambiwa mlangoni kwamba mbwa wake haponi macho. Walikuwapo waliolia na waliotukana. Hata hivyo, mwaka 2016 German Shepherd mwenye mgongo ulioteremka sana nyuma alishinda katika aina yake, akaonekana kwenye televisheni akitembea kwa taabu, na kelele zikaanza upya. Vita hivyo havijaisha.

Lakini turudi ulingoni, maana sehemu ninayoipenda bado haijafika. Ni ile ya kushindwa. Mwamuzi huwachagua watano na kuwapanga mbele yake. Huko Uingereza kadi nyekundu ni ya wa kwanza, buluu ya pili, njano ya tatu, na kijani ya nne. Waliobaki huondoka kimya, na waliopangwa hawaondoki mpaka waruhusiwe. Desturi ni kumpa mshindi mkono. Kumbishia mwamuzi hapo ulingoni ni kosa linaloweza kuripotiwa. Uamuzi wake ndio wa mwisho. Kumbuka kwamba fedha zenyewe si za kugombaniwa. Mbwa bora wa maonyesho yote hupata kikombe na pesa ambazo hazilipi hata petroli ya kumleta. Utamwona mama mtu mzima aliyeamka saa tisa usiku, akaendesha gari saa nne nzima, akakimbia ulingoni dakika mbili tu, akakosa hata nafasi ya tano, kisha akapiga goti na kumpa mbwa wake lile ini lililobaki kana kwamba ameshinda yeye.

Vijana pia wana shindano lao, ambapo anayehukumiwa si mbwa bali mtoto anayemshika. Mikono yake inatulia? Anamtazama mbwa na mwamuzi pia? Mbwa akigoma, anamvuta au anambembeleza? Ukipata nafasi, usikose kulitazama.

Mwafrika akiwa huko atafurahi kumtafuta Basenji, mbwa mdogo wa rangi ya kahawia na nyeupe, mkia umejiviringa mgongoni, paji la uso limekunjamana kama la mzee anayesoma gazeti. Asili yake ni misitu ya Kongo. Habweki kama wengine, bali hutoa sauti kama ya mtu anayeimba milimani. Wawili wa kwanza walionyeshwa Crufts mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Uzao ulioletwa tena ulionyeshwa mwaka 1937, na watu wakasongamana kuwaona. Jina lake lina undugu na neno letu "washenzi". Ndiyo, msomaji, mbwa shenzi unayemfukuza kwa jiwe ana binamu anayekanyaga zulia la kijani Birmingham!

Najua wasomaji wa Lamu na Mombasa watasema mate ya mbwa ni najisi, na hilo ni la imani, halina mjadala. Lakini wao pia watakumbuka heshima aliyo nayo mbwa wa Kiarabu, Saluki, kwa wawindaji wa jangwani. Naye yuko Crufts, ametulia kama sharifu.

Kuna anayeuliza: ya nini yote haya kwa Mkenya? Jibu langu ni sindano. Hadi mwaka 2000, mbwa aliyeingia Uingereza kutoka ng'ambo alitengwa miezi sita kwa hofu ya kichaa cha mbwa, ndiposa ilikuwa vigumu mbwa wa nchi za nje kushindana Crufts. Huku kwetu ugonjwa huo ungali unaua, na wengi wanaokufa ni watoto. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kuutokomeza kufikia mwaka 2030, na wataalamu husema sharti angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Chanjo ikija kijijini, nani humshika mbwa? Mara nyingi mwenyewe hawezi. Mbwa hajapata kufungwa kamba ya kuongozwa, hajapata kuguswa mdomo, na mkono pekee anaoujua ni ule unaorusha jiwe. Anatoroka, na daktari anarudi na dawa yake.

Yale ya Birmingham hayahitaji zulia la kijani. Mtoto wa mbwa akiwa na miezi miwili, mguse masikio, midomo na miguu kila siku kwa dakika chache, umpe kipande cha chakula akitulia. Baadaye mwite jirani naye amguse. Mweke juu ya meza mara moja moja. Mzoeshe kamba iliyolegea. Ataendelea kulinda usiku kama kawaida, na siku ya sindano atasimama.

Kama nauli ya Uingereza ni ndoto, basi uliza tarehe za maonyesho ya East Africa Kennel Club, ambayo huandaliwa katika uwanja wa Jamhuri, barabara ya Ngong, Nairobi. Nenda na watoto, mfike asubuhi. Msiende na mbwa wenu, kwa kuwa asiyeandikishwa hana nafasi. Keti karibu na uzio lakini usiuegemee, nyamaza mbwa akiwa mezani, na subira ikikushinda, piga makofi mwisho wa daraja. Mwenye mbwa akishatoka ulingoni, mwombe ruhusa. Mwonyeshe mtoto wako jinsi ya kunyoosha mkono chini, kiganja kimefungwa, mbwa anuse kwanza.